Zimwi la Ilazo na upepo wa Dodoma

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Dodoma, upande wa Ilazo. Jioni ya tarehe 31 Oktoba shule yetu itakuwa na shughuli ya Halloween kwa darasa la tatu hadi la saba, nami nimepewa kazi ya kutengeneza kiumbe kikubwa cha kutisha cha kuweka pale getini. Nilitaka zimwi la mita 3. Nilianza kwa maboksi na gundi, nikafika mabegani, upepo wa mchana mmoja ukalilaza. Meno na masikio nilikuwa nimeshayaandaa. Wenzangu wanasema niachane nalo, nitengeneze buibui. Nina laki mbili, wiki tano, na wanafunzi 18 wa klabu ya sanaa. Nifanyeje lisimame?"

Jibu:

Marahaba mwalimu, na pole kwa zimwi lililolala. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta sehemu moja tu: limesimama juu ya nini? Meno umeyataja, masikio umeyataja, mabega umeyataja. Miguu hukuigusa hata kwa neno moja. Usione haya, karibu kila anayeniletea swali hili huanza na uso. Uso ndio unaochekesha na kutisha, uso ndio unaotuamsha usiku na wazo jipya. Ila hapa kwetu anayetoa hukumu ni upepo, na upepo hauangalii uso.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na ng'ombe. Nilipewa kazi ya kutengeneza ng'ombe wa karatasi mwenye nundu, kimo mita 2 na nusu, akae mbele ya banda moja kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Kichwa nilikifanyia kazi siku 12. Kope nilizibandika moja moja kwa nyuzi za katani. Miguu nikaichomeka jioni moja, vipande vinne vya mbao juu ya ubao. Siku moja kabla ya kilele, kama saa 4 asubuhi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikamkuta amelala kifudifudi juu ya meza ya miche ya mizabibu, pembe moja imetoboa hema la jirani. Mwenye banda hakunigombeza. Aliinama, akaokota kope moja, akanipa mkononi, akaondoka. Ningependelea anitukane.

Sasa tuuchukulie upepo kwa hesabu, maana wewe ni mwalimu na hesabu hii hata darasa la saba wataielewa. Dodoma iko juu kwa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, nchi kame na ya wazi, na miezi hii ya kabla ya mvua upepo wa mchana haukosi. (Si bure kwamba umeme wa upepo ukizungumzwa nchini, jirani zetu wa Singida hutajwa mapema.) Chukua zimwi lako: kimo mita 3, upana mita 1, yaani mita 3 za mraba za kifua kilichokingama. Upepo wa kilomita 25 kwa saa unalisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 9. Ukifika kilomita 50, hazipatikani kilo 18 kama mtu angedhani, zinakaribia 37. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana zimwi lako lilisimama vizuri asubuhi nzima, likaanguka kwa pigo moja la mchana.

Halafu nguvu hiyo haisukumi kwenye unyayo. Inasukuma katikati ya mwili, mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo zimwi zima linageuka kuwa mtaimbo wa kujing'olea lenyewe. Kitako chake kikiwa na upana wa mita 1, utahitaji karibu kilo 110 za uzito chini ili lisipinduke kwa upepo huo wa kilomita 50. Kitako hicho hicho ukikipanua kuwa mita 2 kila upande, zinatosha kilo 55. Hujanunua kitu, umetanua miguu tu, nusu ya mzigo imeondoka.

Tuje kwa buibui wa wenzako. Si wazo la kijinga, maana buibui yuko chini na upepo unampita juu. Lakini ana miguu minane, maana yake sehemu nane za kulegea na kuning'inia kufikia saa 10 jioni, na mtoto wa darasa la saba akimwona mchana atasema ni mwavuli uliovunjika. Mimi ningekushauri ulishike zimwi lako, ila ulichuchumaze. Lisisimame wima. Likae kama mtu aliyechutama jioni akichungulia shimo la panya: magoti juu, mgongo umepinda, mikono miwili mirefu imeshika ardhi kwa mbele, kichwa kimetangulia. Kimo mita 2 na robo. Utapoteza robo tatu ya mita kwenye futi kamba, na hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua kwa sababu mtu hapimi ukubwa wa kiumbe kwa kimo. Anapima kwa mkono wake mwenyewe. Tengeneza kiganja kipana kuliko sinia la pilau, na kucha ndefu kama unyayo wa mtu mzima, kisigino hadi vidole, ukiweke chini pale ambapo mtoto anaweza kusimama kando yake. Atatazama kile kiganja, atatazama chake, halafu atainua macho taratibu. Kichwani mwake zimwi limeshanyanyuka na kupita paa la darasa. Hiyo ni mita 3 uliyoipata bure, na upepo hauna pa kuishika.

Kabla ya kununua hata msumari, pima mlango wa chumba utakachojengea na pima njia hadi uwanjani. Nimewahi kuona zimwi zuri likikatwa kichwa kwa msumeno kwenye fremu ya mlango wa bwalo, wanafunzi wakilia kweli kweli. Jenga vipande vitano: kitako, kiwiliwili, kichwa, na mikono miwili. Kila kimoja kibebwe na watoto wanne bila kuinama sana. Viungane kwa bolti na nati, usitumie misumari, ili siku ya kulibomoa usilibomoe kwa hasira.

Kitako ni fremu ya mraba ya mita 2 kwa 2, umbo lile lile la fremu ya kitanda bila chaga, iliyolala chini. Tumia mirunda myembamba iliyokauka, ile ambayo mafundi ujenzi wanaitupa baada ya kumwaga zege. Ukipita kwenye nyumba zinazojengwa, na Ilazo hazikosi, ukaomba kwa heshima, pengine hutalipa kitu. Kagua misumari iliyobaki ndani. Kwenye kila kona simamisha mrunda mmoja, yote minne iinamie katikati ikutane juu kwenye kimo cha mita 1 na sentimita 80, kama mapaa ya msonge. Funga kileleni kwa bolti, kisha zungushia mipira ya tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, ukiivuta kama unavyofunga mzigo kwenye keria. Waya wa kufungia nondo unalegea mbao zikisinyaa, na mbao za Oktoba Dodoma zinasinyaa. Mpira unafuata.

Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo: miguu inayobeba siyo miguu inayoonekana. Ile mirunda minne itafichwa ndani ya tumbo. Magoti na nyayo watakazoziona watu ni nguo tu, hazibebi kitu. Ukishalielewa hilo, unaweza kuupa mguu wa zimwi mkunjo wowote unaoutaka, mwembamba utakavyo, kwa sababu hata ukiuondoa wote zimwi litabaki limekaa. Kwenye ng'ombe wangu nilifanya kinyume, nikataka mguu uwe mzuri na ubebe pia.

Jaribio lifanyike siku hiyo hiyo, kabla ya nyama. Weka viroba vya mchanga kwenye kona nne. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu ina karibu kilo 30. Mwaga ndoo moja kwenye kila kiroba, ukifunge, ukilaze juu ya mrunda wa chini. Ndoo nne ni kama kilo 120, zaidi ya mara mbili ya ile hesabu ya 55, nami napenda hivyo, kwa sababu upepo haukuahidi kuishia kilomita 50. Kisha mwambie mwalimu wa michezo asukume kileleni kwa mikono miwili. Likitikisika kwa kukunjika, ongeza mrunda wa mshazari upande huo. Likinyanyua kona, ongeza mchanga. Lisipofanya lolote, nenda kalale, kazi ngumu imekwisha.

Wengi huniuliza kuhusu kamba za kulivuta na vigingi. Kwa maonyesho ya watu wazima, sawa. Kwa watoto wanaokimbia gizani, kamba nyembamba kwenye kimo cha shingo ni hatari kuliko zimwi lenyewe. Kama kuna mwarobaini uwanjani, weka mgongo wa zimwi ushikane na shina, ulifunge kwa nyuma ambako hakuna anayepita.

Na tafadhali usiliweke getini. Liweke ndani, mita 15 au 20 kutoka geti, upande. Mtoto mdogo akishtuka hukimbilia alikotokea, na wenzake 40 watakuwa wanaingia kwa njia hiyo hiyo. Isitoshe, zimwi la getini linaonekana mara moja na kuzoeleka. La mbali mtu analiona, anasita, analiendea mwenyewe kwa hatua zake. Hofu ya namna hiyo ndiyo tamu.

Nyama sasa. Kwa kiwiliwili na mikono, tumia yale mabomba membamba ya plastiki ambayo mafundi umeme hupitishia waya ukutani, ya milimita 20. Yanapinda bila moto ukiyafanya mbavu za duara kubwa. Usiyaache yakiwa yamepakwa rangi nyeusi juani kutwa nzima, plastiki inalainika na mbavu zinashuka kama za mzee. Mbavu sita zinatosha. Juu ya mbavu tandaza wavu wa kuku, uukate kwa koleo ukiwa umevaa glavu; kazi hii ifanye wewe na mtu mzima mwenzako, wanafunzi wasubiri. Kunja ncha zote za waya ziangalie ndani. Mgandamize wavu kwa ngumi pale unapotaka shimo la kwapa, uvute nje pale unapotaka nundu ya bega. Usilainishe. Zimwi laini linafanana na dubu wa kuchezea.

Klabu ya sanaa inaingia hapa, na hapa watafurahi. Tafuta mifuko ya saruji, ile ya karatasi, siyo ya nailoni. Ikung'uteni nje mkiwa mmevaa barakoa, mwondoe safu ya ndani yenye vumbi. Karatasi ile ina nguvu mara nyingi kuliko gazeti. Ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi: ukingo uliochanika unajificha ukibandikwa, uliokatwa unaacha mstari. Upana wa vidole vitatu. Uji wa kubandikia: kikombe kimoja cha unga wa ngano ukorogwe kwa maji baridi hadi mabonge yaishe, umwagie vikombe vitano vya maji yanayochemka huku unakoroga, uupike hadi uanze kung'aa, utie kijiko cha chumvi, upoe. Wapo wanaotia mrututu kuzuia wadudu. Kwa kazi ya watoto usitie, ni sumu, na kuna atakayelamba kidole hata umwambie nini.

Safu ya kwanza ibandikwe wima, ya pili ipite mlalo, ya tatu mshazari. Kausha kivulini. Watu wa Dar es Salaam wanahangaika na karatasi inayooza kabla ya kukauka. Sisi tuna tatizo la kinyume, jua letu linakausha ngozi ya juu wakati ndani bado ni uji, halafu inajikunja na kupasuka kama udongo wa lambo. Bandika asubuhi safu mbili, acha kwenye baraza hadi jioni, gonga kwa kidole. Ikilia ngo, endelea. Ikilia pu, subiri.

Kuna wakaguzi wengine wa kazi hii ambao hukuwataja. Mbuzi ni wa kwanza. Uji wa ngano uliotiwa chumvi juu ya karatasi, kwa mbuzi, ni karamu. Nilipoteza sikio zima la fisi, na nusu ya taya, kwa sababu niliacha kazi uani kwa muda wa kuswali tu. Wa pili ni panya, wa tatu ni mchwa, na huyu wa tatu hana haraka wala kelele. Usiache kipande chochote cha zimwi kimelala ardhini usiku. Kila kitu juu ya matofali, mbali na ukuta kidogo, na kila asubuhi uangalie chini kama kuna vijia vya udongo vinapanda.

Ngozi ndiyo sehemu ninayoipenda, utanivumilia. Chukua puti ya ukutani, ile inayouzwa imeshakorogwa kwenye ndoo. Ile ya unga yenye saruji ndani usiihangaikie, ikishakauka juu ya kitambaa inapukutika kama maganda ya karanga. Puti tano, rangi ya maji moja: kopo tano kwa kopo moja. Rangi iwe ya kijivu au kahawia ili mchubuko usionekane mweupe. Koroga hadi iwe nzito kama mtindi mgando. Kata magunia yaliyochakaa, yale ya nyuzi, vipande vya ukubwa wa taulo la mkono. Chovya, kamua kidogo, kisha tundika juu ya bega la zimwi. Usipige pasi kwa mkono. Liache gunia lijikunje lenyewe, kisha kwa ncha za vidole usukume mikunjo iende kule ambako ngozi ya mzee inaelekea: kutoka shingoni kwenda kwapani, kutoka kwenye kiwiko kwenda kwenye kifundo. Una kama dakika 20 kabla halijashika. Kesho yake litakuwa gumu kama gome. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilirudi usiku na tochi kulitazama. Mwanangu akaniuliza nimemfukua nani.

Lakini ngozi hiyo ni nzito. Weka mabegani, kichwani na kwenye viganja tu, sehemu ambazo watu watakaribia. Tumbo na mgongo vitoshe karatasi na rangi. Mikono, kuanzia kwenye bega hadi kiwiko, usiizibe kabisa: ning'iniza vipande vya vyandarua vilivyochanika visivyofaa tena kulalia, vilivyofuliwa na kuchovywa kwenye rangi nyeusi. Upepo unapita katikati yake, na ukipita unavichezesha. Hapo adui yako amekuwa kibarua wako, na hutalipia mota.

Nikiwa kwenye mota: wengi hupenda kuweka mota ya waipa ya gari chakavu ili kichwa kigeuke. Inawezekana, inatumia volti 12 na ina nguvu sana. Ina nguvu kiasi cha kuvunja kidole cha mtoto, na betri ndogo ya pikipiki haitaichezesha usiku mzima. Kwa mara yako ya kwanza, kichwa kikae juu ya mrunda wa shingo bila kukazwa, kamba ipite nyuma ya mti, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba mwenye kujua kunyamaza akae huko. Avute mara moja tu kwa kila kundi linalopita, tena polepole, wakati wameshageuza mgongo kuondoka. Hakuna mota inayojua kungoja hivyo.

Rangi haina maneno mengi. Paka nyeusi yote. Ikikauka, chovya brashi kwenye kijivu, ifute karibu yote kwenye gazeti, kisha pitisha juu juu ili ishike kwenye matuta tu na mashimo yabaki meusi. Rudia kwa kijivu cheupe zaidi kwenye kucha, nyusi na vifundo. Meno uliyoyaandaa yakague: kama ni meupe pee na yamepangwa sawa, yavunje mawili, mengine uyapake chai ya rangi.

Kwa macho, usitafute ya kununua. Chukua plastiki nyekundu au ya njano ya taa za nyuma za pikipiki zilizovunjika, ziko bwerere kwa mafundi bodaboda, weka nyuma yake kitochi kidogo cha betri kila jicho. Macho yawe madogo kuliko unavyotaka na yawe ndani zaidi kuliko unavyotaka. Siku hizo jua linazama kwetu karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo shughuli ikianza saa 1 giza limeshakukamilishia nusu ya kazi. Tochi moja kubwa ilale chini kati ya mikono yake, imulike kidevu kuelekea juu. Uso wowote ukimulikwa kutoka chini huharibika, hata wa mchungaji.

Mshumaa usiingie. Najua Halloween watu hupenda boga lililochongwa lenye mshumaa ndani, na boga peke yake juu ya tofali halina neno. Ila ndani ya zimwi kuna karatasi kavu, magunia, chandarua na plastiki, na nje kuna upepo ule ule tuliouhesabu. Wala usivute umeme wa ukutani kwa waya wa kuungaunga hadi uwanjani. Betri tu.

Neno kuhusu majirani na wazazi, maana hili linaweza kuliangusha zimwi kuliko upepo. Halloween kwa asili ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, na juu yake kuna desturi za kale za Ireland na Scotland za kufunga mavuno, ambako walichonga aina ya figili kubwa kabla Wamarekani hawajahamia kwenye boga. Mzazi wa Ilazo hana sababu ya kuyajua hayo. Yeye akipita saa 11 alfajiri akaona kitu chenye kucha kimechutama chini ya mwarobaini, ataita jina analolijua. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema. Wazazi wapelekewe barua yenye ruhusa ya kukataa. Mchana lifunikwe kwa turubai hadi siku yenyewe. Na msitumie mfupa wa kweli, hirizi, kaniki, kitambaa chekundu, wala kitu chochote cha mganga, hata kwa utani. Kuna atakayekuuzia miiba ya nungunungu au mkia wa mnyama pori kwa ajili ya nywele: kataa, hizo ni nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Nyuzi za katani zilizochovywa kwenye rangi zinafanya kazi hiyo hiyo.

Darasa la tatu walete walione likiwa mifupa, halafu likiwa na nusu ya ngozi. Wape nafasi ya kubandika angalau karatasi moja kila mtoto, nao walipatie zimwi jina. Usiku ule watapiga kelele kama wengine, lakini kila mmoja atakuwa anamwonyesha mwenzake kipande chake kilipo.

Kuhusu laki mbili: itumie kwenye wavu wa kuku, mabomba, puti na bolti, kwa mpangilio huo. Mirunda, mifuko ya saruji, magunia, tyubu na mchanga omba, usinunue. Wiki ya kwanza iwe ya kitako peke yake. Najua itakuwasha kuanza na kichwa, na klabu yako itakuuliza kila siku kichwa ni lini. Waambie wachore. Wiki ya pili na ya tatu nyama, ya nne ngozi na rangi, ya tano usiifanyie kitu zaidi ya kulisimamisha uwanjani mchana mmoja wenye upepo, mkiwa mmekaa mbali mnalitazama.

Shughuli ikiisha, mvua zetu hazijaanza bado, kwa hiyo una kama mwezi mmoja wa kulihifadhi bila presha. Kichwa kining'inize kwa kamba kwenye kenchi za stoo, viganja viwili juu ya kabati. Mchanga rudisha ulikoutoa. Kitako kiache kimefungwa kama kilivyo, maana mwakani watakuomba ng'ombe wa Nanenane.